Shajara ya mradi: kipande cha gitaa kavu kisicho na mpiga ridhimu

Naandika huku nikifanya, ili atakayetaka kunakili kazi hii asirudie makosa yangu bali afanye ya kwake. Lengo ni kutunga kipande kimoja cha ala tupu kwa gitaa kavu moja, kinachopigwa kwa vidole bila pleki (kile kiplastiki cha kukwangulia nyuzi), kisichozidi dakika tatu, ambacho mtu mwenye miezi sita ya kujifunza anaweza kukimudu. Hakuna kuimba. Naishi Tanga, Ngamiani, na mchana nina kazi nyingine, kwa hiyo muda wangu wa gitaa ni baada ya isha na Jumapili asubuhi. Mambo ya kawaida nitayapita haraka. Palipoharibika nitakaa.

5 Oktoba 2024: vifaa

Gitaa ni la mtumba, la nyuzi za nailoni, uso wa plaiwudi, shingo imenyooka. Muuzaji alianza na 150,000, tukamalizana kwa 120,000. Wazee wa hapa gitaa kavu bado wanaliita galatoni, jina lililobaki kutoka kwenye magitaa ya Gallotone ya Afrika Kusini. Langu si Gallotone, lakini mtaani limeshapewa jina hilo na sina haja ya kubishana.

Kosa la kwanza lilitokea saa ileile. Niliomba nyuzi dukani, nikapewa seti kwa 15,000, nikalipa bila kuangalia. Nilipofika nyumbani nikakuta kila uzi una kipira cha shaba mwishoni. Hizo ni nyuzi za chuma. Gitaa la nailoni halina mahali pa kushikia kipira. Uzi hufungwa fundo kwenye daraja, kile kibao kilichobandikwa usoni mwa gitaa. Ubaya zaidi ni kwamba chuma kinavuta kwa nguvu kubwa kuliko nailoni, na daraja la gitaa kama hili limeshikwa na gundi tu. Nilikuwa nimeshafunga mbili kwa ubishi kabla ya kuona daraja linaanza kuinama, nikazilegeza haraka. Niliporudi dukani nikaambiwa "nyuzi ni nyuzi, bosi", na hela hairudi. Seti ya nailoni nikaipata duka jingine kwa 18,000.

Siku hiyohiyo nilinunua kapo, kibanio cha nyuzi shingoni, kwa 12,000. Mpaka naandika mistari hii haijawahi kubana kitu.

12 Oktoba: nyuzi ziko juu mno

Kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyolala shingoni) uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, ulikuwa milimita 5.5 juu ya freti. Kwa gitaa la aina hii milimita 4 hivi upande wa besi zinatosha. Ukikaza uzi ulio juu hivyo vidole vinauma, na sauti inapanda kidogo kuliko inavyotakiwa kwa sababu unauvuta njiani.

Dawa ni kupunguza kile kijiti cheupe cha plastiki juu ya daraja ambacho nyuzi zinalalia. Kinatoka kirahisi, unakisaga kwa chini ukitumia msasa uliolazwa mezani. Msasa shilingi 1,000. Hesabu ambayo lazima uijue kabla ya kuanza: freti ya 12 iko katikati ya uzi, kwa hiyo ukitaka kushusha milimita moja pale, unaondoa milimita mbili kwenye kijiti. Mimi nilitaka kushusha moja na nusu, yaani niondoe tatu.

Nikachora mstari kwa penseli, nikasaga huku nasikiliza mpira redioni. Goli lilipoingia nilikuwa nimepita mstari. Nilipopima nikakuta nimeondoa karibu nne. Gitaa likawa laini kama limepakwa siagi, na kwa kuwa halikukoroma nilipolijaribu, nikajisifu. Deni la kosa hili lilikuja kunifikia baada ya wiki mbili.

20 Oktoba: toleo la kwanza, limekufa

Wiki nzima nilitunga. Nikatumia kodi saba (za muziki, yaani noti kadhaa kwa pamoja, zile nyingine tunalipa kwa njia nyingine), kila kodi na mpangilio wake wa vidole, na katika kila baa (fungu moja la hesabu sita) nafasi zote sita zilikuwa zimejaa. Nilipojirekodi kwa simu nikasikia kitu kama mvua ya mawe kwenye bati. Nyimbo nzuri ilikuwemo ndani, niliijua kwa kuwa ndiyo niliyoanza nayo, ila aliyekuwa hajui asingeweza kuiokota.

Nikampelekea mzee jirani. Huyu mzee alipiga gitaa kwenye bendi za dansi hapa Tanga, enzi ambazo mji ulikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz na vijana walijipanga foleni kupata nafasi ya kubeba hata vyombo tu. Nilimkuta barazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lete hilo galatoni lako."

Nikampigia mpaka mwisho. Akakaa kimya, akasugua goti.

"Humo ndani wamo wangapi?"

Sikumwelewa.

"Wapigaji. Hapa nasikia mtu wa besi, huyo gumba lako. Nasikia mtu wa solo, huyo juu, anajitahidi masikini. Na katikati kuna mtu wa ridhimu ambaye hanyamazi. Watatu kwenye gitaa moja, na wote wanaongea kwa wakati mmoja."

"Sasa nifanyeje, mzee?"

"Mfukuze wa ridhimu."

Nikacheka, kwa sababu yeye mwenyewe alipiga ridhimu maisha yake yote. Akaniambia ndiyo maana anajua. Kwenye bendi ridhimu ni ukuta wa nyumba. Kwenye gitaa moja nyumba yenyewe ni kibanda, ukijenga ukuta katikati watu watakaa wapi?

27 Oktoba: kumfukuza mpiga ridhimu

Nimefuta kodi zote saba. Utaratibu wa sasa ni huu: besi ni ya gumba, solo ni ya nyuzi tatu nyembamba, katikati patupu.

Ili besi ilie bila mkono wa kushoto kuhangaika, nimeteremsha uzi wa sita kutoka E hadi D. Sasa D ndiyo do yangu. Waliopita kwaya watanielewa upesi nikisema kwa do-re-mi: kipande kinatumia do, re na so, basi. Noti ya mi nimeificha. Haipigwi hata mara moja mpaka katikati ya kipande, na ikija ije yenyewe. Masikio yakikaa karibu dakika nzima bila mi hayajui kama muziki huu una furaha au huzuni, na mimi ndicho ninachotaka.

Uzuri wake ni kwamba vyote vimo kwenye umbo moja la mkono, lile la kodi ya D ambayo kila mwanafunzi hufundishwa wiki ya kwanza: kidole cha shahada uzi wa 3 freti ya 2, kidole cha pete uzi wa 2 freti ya 3, kidole cha kati uzi wa 1 freti ya 2. Inua kidole cha kati, uzi wa kwanza ukabaki wazi, unapata re. Kishushe, unapata mi. Habari yote ya kipande hiki ni kidole kimoja kinachokaa juu muda mrefu halafu kinashuka.

Kuna rafiki aliyesikia nikirudiarudia baa nne akasema huo ni muziki wa kizungu, wa watu waliochoka. Lakini hata Steve Reich, mtunzi Mmarekani anayetajwa sana kwa muziki wa kurudiarudia, alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma. Anayeona kurudia ni uzungu akakae kwenye ngoma ya harusi mpaka alfajiri, halafu tuongee.

Sasa lile deni. Uzi wa sita ukiteremshwa unalegea, na uzi uliolegea hutikisika kwa upana zaidi ukipigwa, unagonga freti. Pale ambapo E haikukoroma, D ilikoroma kama nyuki kwenye kopo. Nilianza kulaumu freti, nikalaumu uzi, nikalaumu hali ya hewa. Kosa lilikuwa ile milimita moja ya goli. Kununua kijiti kipya hapa mjini sikufanikiwa, kwa hiyo nikakata kipande chembamba cha kadi ya benki iliyokwisha muda, upana sawa na mfereji wa daraja, nikakiweka chini ya kijiti. Kadi ina unene wa kama robo tatu ya milimita. Mkoromo umekwisha. Mtu akiniambia sauti imepungua kwa sababu ya plastiki nitamwambia uso wenyewe ni plaiwudi.

10 Novemba: gumba

Wiki mbili kwa kitu ambacho kwenye karatasi ni noti mbili kwa baa.

Hesabu ya kipande ni sita kwa baa. Gumba linapiga ya 1 na ya 4, mapigo 54 kwa dakika. Nilidhani hapo hakuna kazi. Nilipojirekodi na kupima nikakuta naanza na 54 na kumaliza na 66. Mzee alisikiliza nusu tu: "Gumba lako linakimbia kama linadaiwa."

Nilichojaribu kwanza ni metronomu ya simu (programu ya kugonga mapigo sawasawa), ikigonga hesabu zote sita. Ikawa mbaya zaidi. Nilikuwa naikimbiza milio badala ya kupiga, na ikizimwa tu ninarudi mbio. Nilichojaribu cha pili ni chupa. Wapigaji wa omutibo, mtindo wa gitaa wa magharibi mwa Kenya, walikuwa na mtu wa kukwaruza chupa ya Fanta kushika mapigo, nikaona tunaweza. Nikampa mwanangu chupa na msumari. Dakika ya kwanza ilikuwa safi, dakika ya pili yeye na mimi tulikuwa tunakimbizana, na mke wangu akatoka jikoni: "Baba watoto, hiyo chupa ama niivunje mimi ama uiweke."

Kilichofaa ni kinyume chake: kupunguza milio. Niliweka metronomu kwenye 27, ikawa inagonga mara moja tu kwa baa, kwenye hesabu ya 1. Hesabu ya 4 nikaachiwa mimi. Mwanzoni ilikuwa kama kuvuka barabara gizani. Siku ya sita nikaacha kuisubiri. Kisha nikapiga gumba peke yake huku naongea na watu, naagiza chai, nabishana na mtoto kuhusu kazi za shule. Siku niliyoweza kumwambia mtoto namba yake ya hesabu ni kosa bila gumba kuyumba, nikajua tumefika. Sasa naanza 54 na kumaliza 55. Hilo moja naliacha.

Vidole vya juu niliviweka viwili tu: shahada kwa uzi wa 2 na wa 3, cha kati kwa uzi wa 1. Nilikuwa naona aibu kidogo kutotumia cha pete, mpaka nikakumbuka kwamba Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga huko Kongo, yule aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mjini Jadotville (leo Likasi) mwaka 1952, alipiga kwa gumba na shahada tu. Mimi nina kimoja cha ziada na bado nalalamika.

17 Novemba: kucha

Kucha ya kidole cha kati cha mkono wa kulia imevunjika nikifungua geti. Sauti ya uzi wa kwanza mara moja ikawa ya kitambaa wakati uzi wa pili ni wa kioo. Nikaijenga kwa gundi ya haraka (1,500) na vipande vya tishu, tabaka tatu, kisha msasa uleule wa Oktoba. Ilidumu siku mbili, ikabanduka nikinawa baada ya kula, na ilibanduka na sehemu ya kucha halisi.

Suluhisho halikuwa zuri ila ni la kudumu: nimekata kucha zote, napiga kwa nyama ya kidole. Sauti ni laini na ndogo, inabidi chumba kinyamaze. Lakini vidole vyote sasa ni ndugu.

24 Novemba: sehemu ya pili

Ile noti ya mi inapoingia nilitaka besi nayo ihame, ili msikilizaji asikie kwamba kweli kuna jambo. Nilichagua G, ambayo kwenye uzi wa sita ulioteremshwa iko freti ya 5. Kwa masikio ni tamu sana. Kwa mkono ni adhabu: kidole cha mwisho kinapaswa kufika freti ya 5 kwenye uzi mnene huku wenzake wako freti ya 2 na ya 3 kwenye nyuzi nyembamba. Mimi naweza kwa shida, mara tatu kati ya tano. Nikasema nitafanya mazoezi. Siku ya nne kifundo kikaanza kuuma, nikakumbuka niliandika mwanzoni kwamba ni kipande cha mtu wa miezi sita.

Nikaiacha G. Badala yake gumba linahama uzi: hesabu ya 1 linapiga uzi wa 5 ulio wazi, ambao ni so, badala ya wa 6. Mkono wa kushoto haujui hata kama kuna mabadiliko. Matokeo yake mi inakuja juu ya besi ambayo haijakaa chini, inaning'inia, na do inaporudi kwenye uzi wa sita unahisi mtu ameketi. G ingekuwa nzuri zaidi. Hii inapigika.

1 Desemba: kupotea kwenye hesabu

Tatizo ambalo sikulitegemea kabisa. Kipande kina mizunguko 14 ya baa nne nne, na inafanana. Nikipiga nasahau niko wa ngapi. Mara nyingine sehemu ya kwanza inatoka mizunguko mitano, mara nyingine minane. Nilibandika karatasi ukutani, macho yakafuata karatasi na gumba likakimbia tena. Nilihesabu kwa sauti, nikasikika kwenye rekodi nikinong'ona kama mganga.

Mwishowe niliona kwamba nikipotea mimi niliyetunga, msikilizaji ameshaondoka zamani. Kosa halikuwa kumbukumbu yangu. Mizunguko haikuwa na alama. Nikaupa kila mzunguko wa sehemu ya kwanza tofauti moja, moja tu:

Wa kwanza ni besi peke yake. Wa pili solo inaingia kwenye baa ya kwanza tu. Wa tatu, baa ya kwanza na ya tatu. Wa nne, zote. Wa tano, zote, nikipiga karibu na daraja ili sauti iwe kali. Wa sita, zote, juu ya tundu la gitaa, kwa sauti ya chini.

Toka siku hiyo sijahesabu. Mkono unajua uko wapi kwa sababu mahali penyewe pana sura. Kama kuna kitu kimoja cha kunakili kwenye shajara hii hata ukiacha mengine yote, nakili hiki.

8 Desemba: kurekodi

Mvua za vuli. Nyumba yetu ni ya bati. Nahitaji kuongeza?

Siku tano hakukuwa na nafasi ya kurekodi hata dakika moja. Siku ya sita mvua ikakata nikagundua friji, ambayo miaka yote sikujua inaimba, na inaimba karibu sana na so. Nilizima friji, nikazima feni, nikatandika godoro ukutani na kanga mbili kwenye dirisha, nikaweka saa ya kuamka saa tisa usiku. Simu nikaiweka sentimita 30 hivi kutoka freti ya 12, si mbele ya tundu. Mbele ya tundu besi inavuma na kumeza kila kitu, nilipoteza usiku mzima kujua hilo.

Usiku wa kwanza mara 9. Usiku wa pili mara 14. Katika hizo 23 zilizofaa ni mbili, moja ina jogoo. Friji ilisahauliwa imezimwa, nikadaiwa samaki.

11 hadi 17 Desemba: sekunde za kimya

Nilimtumia mdogo wangu wa kike aliyeko Dodoma. Jibu lilikuja upesi: "Kaka, mbona mwanzo hakuna kitu? Nilidhani faili limeharibika, kuna kama mtu anagonga meza."

Mwanzo ni ule mzunguko wa besi peke yake, sekunde tisa hivi. Mimi nilisikiliza kwa spika za masikioni nikafurahi. Yeye alisikiliza kwa spika ya simu, kama watakavyosikiliza karibu wote. Uzi wa sita ukiwa D unatetema mara 73 hivi kwa sekunde. Spika ya simu, kidude cha ukubwa wa ukucha, haiwezi kusukuma sauti ya chini kiasi hicho. Kinachobaki ni mlio wa gumba kugusa uzi. Na kwa kuwa nilikuwa nimekata kucha na napiga juu ya tundu, hata zile sauti za juu zinazofuatana na uzi, ambazo sikio huzitumia kukisia besi iliyokosekana, zilikuwa hafifu. Maamuzi mawili mazuri ya Novemba yameungana kuniharibia Desemba.

Marekebisho mawili. La kwanza: gumba sasa linapiga uzi wa 6 kwenye hesabu ya 1, na uzi wa 4 ulio wazi kwenye hesabu ya 4. Uzi wa 4 ni do ileile, hatua nane juu, mitetemo 147 hivi. Simu inaitoa hiyo vizuri zaidi, na sikio likishaipata linamkubali na kaka yake mkubwa. La pili: gumba limesogea karibu na daraja kwa sentimita tatu nne, sauti inakuwa na meno kidogo.

Nilirekodi upya usiku wa tarehe 13, mara 6 tu, kwa sababu mkono ulikuwa umeshajua kazi. Katikati ya mara ya tatu uzi wa 4 ukakatika. Kwenye seti za nailoni huo mara nyingi ndio wa kwanza kwisha, na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimempa kazi mara mbili. Seti nyingine, 18,000. Nyuzi mpya za nailoni zinateremka siku mbili tatu kabla ya kutulia, kwa hiyo toleo la mwisho limerekodiwa tarehe 17.

22 Desemba: kipande kilivyo sasa

Uzi wa 6 hadi D, nyingine kama kawaida. Umbo la kodi ya D, kidole cha kati kimeinuliwa. Hesabu sita kwa baa, mapigo 54, ambapo pigo moja ni hesabu tatu. Gumba: hesabu ya 1 uzi wa 6, hesabu ya 4 uzi wa 4.

Baa ya 1: hesabu ya 3 uzi wa 1 wazi, hesabu ya 5 uzi wa 2 freti ya 3.
Baa ya 2: hesabu ya 3 uzi wa 1 wazi, basi.
Baa ya 3: kama ya 1.
Baa ya 4: hesabu ya 3 uzi wa 3 freti ya 2. Gumba halipigi hesabu ya 4, acha.

Sehemu ya kwanza ni mizunguko sita kama nilivyoeleza tarehe 1. Sehemu ya pili ni minne: shusha kidole cha kati, na hesabu ya 1 gumba lihamie uzi wa 5. Sehemu ya tatu ni minne: inua kidole, rudi uzi wa 6, na punguza kama ulivyoongeza mpaka ibaki besi. Malizia kwa mlio wa kengele kwenye uzi wa 4: gusa juu ya chuma cha freti ya 12 bila kukandamiza, piga, ondoa kidole. Jumla dakika mbili na sekunde chache.

Gharama: gitaa 120,000, nyuzi za chuma zisizo na kazi 15,000, nailoni seti mbili 36,000, kapo 12,000, gundi 1,500, msasa 1,000. Ni 185,500, na humo 27,000 ni za vitu ambavyo sikuvitumia. Samaki hawamo.

Mzee amesikiliza barazani, mara mbili, la pili akiwa amefumba macho. Aliuliza yule wa ridhimu yuko wapi siku hizi. Nikamwambia amepata kazi bendi nyingine.

5 Januari 2025: nyongeza

Mpwa wangu wa kike amekuja kutoka Dodoma kwa likizo, yuko kidato cha pili, gitaa ameanza mwezi wa tano. Nilimpa maelezo ya tarehe 22 bila kumwonyesha kwa mkono, ili nijue kama yanatosha. Yalitosha. Siku ya tisa alikuwa anakipiga chote, isipokuwa baa ya 4: ile so ya uzi wa 3 hakuipiga hata mara moja.

"Umeiruka, mama."

"Sijairuka, mjomba. Niliona hapo watu wanavuta pumzi."

Nilimwambia airudishe. Akairudisha, tukasikiliza zote mbili kwa simu ya mama yake, kisha tukasikiliza tena. Nimeifuta kwenye karatasi yangu. Anayeitaka ipo hapo juu. Shahada ya mkono wa kushoto haina kazi tena kwenye kipande hiki, na uzi wa 3 haupigwi kabisa. Kurekodi upya itabidi kusubiri, maana amerudi shule Jumamosi na gitaa nimempa aende nalo.